Walipiga Makofi

"Umeshatuua, sista, na figo bado zinangoja zamu yao."

Kipaza alisema hivyo akiwa amefumba macho. Alikuwa amelala kwenye kiti cha kunyooka, mkono wa kushoto umelazwa juu ya mto, na kutoka kwenye mkono huo mirija miwili iliipeleka damu yake kwenye mashine na kuirudisha, nyekundu ikienda, nyekundu ikirudi, kama mtu anayetumwa na kutumwa tena bila kupewa jibu. Wagonjwa wengine wakacheka kile kicheko chao cha tahadhari, cha watu wasioruhusiwa kutikisa mkono. Nami nilikuwa nimesimama katikati yao na karatasi zangu, mate yamenikauka, nimesoma ukurasa mmoja tu wa yale niliyokusudia kuiambia bodi ya hospitali.

Nikamuuliza nimekosea wapi.

"Hujakosea popote. Kila kitu ni sahihi, na hakuna mtu hata mmoja ndani yake."

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye faili, wala hakuliitika. Kabla figo zake hazijagoma alikuwa mshereheshaji: harusi, mahafali, ufunguzi wa maduka, popote penye watu wengi na kipaza sauti kimoja. Alijua kuufanya ukumbi mzima ucheke, ule, ulie na utoe zawadi kwa mpangilio. Sasa alikuja kwetu mara tatu kwa wiki, mkewe akimbebea mto na blanketi, na ukumbi wake ulikuwa wodi yetu, yenye mashine chache na hadhira ambayo, kama alivyopenda kusema, haiwezi kutoka nje hata ukiichosha.

Mimi nilikuwa muuguzi mkuu wa kitengo kile cha kusafisha damu. Watu wengi hawaijui kazi hiyo mpaka iwafike. Mtu ambaye figo zake zimekufa hubaki na maji na sumu mwilini. Mashine humsafisha kwa saa kadhaa, akaenda nyumbani, akarudi keshokutwa. Akikosa mara moja huvimba. Akikosa mara mbili huanza kuitafuta pumzi hata akiwa ameketi. Baada ya hapo hakuna cha kueleza.

Habari ya kufungwa ilinifikia kwenye korido, kama habari mbaya nyingi za kazini. Mtambo wa kuchuja maji ya mashine ulikuwa umechakaa, na vyumba vyetu vilikuwa vinatakiwa kwa shughuli nyingine, uchunguzi wa afya kwa watu wazima wanaotaka kujua kama ni wazima. Bodi ingekaa kulijadili, daktari wetu wa figo akaniambia, na kitengo kimepewa nafasi ya kutuma msemaji mmoja. Nikasema basi ni yeye. Akatazama viatu vyake. Alikuwa ameshapata kazi mahali pengine, na maneno ya mtu anayeondoka, alisema, hayana uzito. Mimi ndiye ninayeshinda na wagonjwa.

Na mimi ni mtu wa vyumba vya ndani. Shuleni, nikiitwa kusoma mbele ya darasa, sauti ilinikimbia mpaka mwalimu akadhani namfanyia kiburi. Nadhani niliuchagua uuguzi kwa sababu mgonjwa mmoja si hadhira. Ila nilipojiuliza nani mwingine angekwenda, nilimwona katibu wa hospitali akitusemea kwa ile sauti yake ya kusoma bei mnadani, na hapo nikakaa chini nikaandika. Niliandika kama anayejaza gunia. Nikatengeneza slaidi nyingi, kila moja imesheheni tarakimu mpaka pembeni.

Kipaza alizifuta zote isipokuwa moja.

"Ukuta ukishasema yote," aliniuliza, "wewe umekwenda kufanya nini?"

Iliyobaki ilikuwa picha niliyoipiga asubuhi kabla wagonjwa hawajaingia: viti vyetu vitupu, kila kimoja na mto wake, na jua limefika katikati ya sakafu. Tangu siku hiyo tukawa tunafanya mazoezi kila zamu yake ilipofika. Nikishawaunganisha wote na mashine, nikishapima presha na kuhakikisha hakuna anayetoka jasho la ghafla, nilisimama kati ya viti na kuanza. Salamu zangu ndefu alizikata. Salamu ni mlango, alisema, na wewe unatandika godoro mlangoni. Akaniambia nitafute uso mmoja mle chumbani, na usiwe wa anayenipenda. Watu wakipewa jukwaa huwaangalia ndugu zao waliokaa mbele, wanaotikisa kichwa kabla hata neno halijatoka. Mtafute aliyekunja mikono, zungumza naye mpaka aikunjue. Na ukumbi ukipiga kelele usishindane nao. Wajinga hupandisha sauti. Yeye alikuwa akiishusha, mpaka meza za mbele zikaanza kuzinyamazisha meza za nyuma.

Kipimo chetu kilikuwa Bibi wa dirishani, tuliyemwita hivyo kwa sababu hakukubali kiti kingine chochote. Kila aliposinzia, Kipaza alinisimamisha.

"Bibi ametuaga hapo kwenye asilimia. Toa asilimia."

Bibi alifumbua jicho moja akasema hakulala, alikuwa akitafakari. Ila hiyo asilimia, kweli, haikumfikia.

Nikaitoa. Nikatoa jina la mtambo, nikatoa maelezo ya chujio, nikatoa shukrani kwa uongozi uliotukuka. Kadiri nilivyopunguza ndivyo sauti yangu ilivyopata mahali pa kukanyaga. Nilianza kusikia pale ambapo neno limetua na pale ambapo limeruka juu ya vichwa. Na ilipofika zamu ya kutafuta mfano wa mgonjwa, nikasita, maana siri za wagonjwa si zangu, Kipaza akasema nimchukue yeye. Nani atamwibia maisha haya?

Kulikuwa na asubuhi moja, karibu na siku yenyewe, nilipomaliza hotuba nzima bila Kipaza kunisimamisha. Ilisikika milio ya mashine tu. Bibi wa dirishani alikuwa na macho makavu kabisa, kisha hayakuwa makavu tena, akajifuta kwa ncha ya shuka. Kipaza akafumbua macho.

"Sasa nenda," alisema. "Na unywe maji kabla hujaanza. Mimi siruhusiwi. Ninywee na mimi."

Mkewe alikuwa ameketi pembeni akishona kifungo cha shati. Mwanamke wa maneno machache, kana kwamba mumewe alikuwa ameyatumia ya wote wawili. Bila kuinua uso akauliza, na kama wameshaamua? Kipaza akamjibu kwamba hakuna ukumbi usioshikika. Mkewe akakata uzi kwa meno.

Chumba cha bodi kilikuwa ghorofa ya juu, nilikokuwa sijawahi kufika kwa miaka yote ya kazi yangu. Meza ndefu inayong'aa, mapazia ya plastiki yameshushwa nusu, na mbele ya kila kiti chupa ya maji ambayo haijafunguliwa. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene mwenye miwani, amekunja mikono juu ya tumbo. Nikajua uso wangu ni ule. Nikafungua chupa, nikanywa mafundo mawili, la kwangu na la Kipaza.

Nilitoa salamu moja. Kisha nikasema:

"Keshokutwa asubuhi, mtu ambaye hajakojoa kwa miaka minne atapanda ngazi za hospitali hii akiwa anacheka."

Kalamu zikasimama. Hata katibu aliinua uso. Nikanyamaza kwa kadiri nilivyofundishwa, mpaka kimya chenyewe kikaanza kuwauliza, halafu nikawaeleza mtu huyo ni nani, anacheka nini, na mkono wake unanguruma vipi ukiuwekea kidole pale mshipa ulipotengenezwa kwa ajili ya sindano za mashine. Niliwaeleza jinsi mtu mzima anavyolamba kipande cha barafu kwa adabu, kidogo kidogo, kwa sababu hicho ndicho kinywaji chake cha mchana kutwa. Nikawaonyesha picha yangu moja. Nikasema viti hivi vikibaki hivi, waliokuwa wakivikalia hawatakuwa wamepona. Sauti yangu haikunikimbia. Ilikaa nami, chini, imetulia, mpaka nikawa nawaona wakiinama mbele ili waisikie. Mwenyekiti alikunjua mikono. Akavua miwani. Nilipofika mwisho alikuwa akiifuta kwa tai yake, na haikuwa miwani iliyolowa.

Walipiga makofi. Nataka nieleweke hapa: hayakuwa makofi ya adabu. Mjumbe mmoja wa kike alisimama. Katibu naye alipiga. Mwenyekiti alisema amekaa kwenye vikao tangu ujana wake na hajawahi kusikia mtu akizungumza namna ile, akaniomba nikae, akavaa miwani, akageuza karatasi iliyokuwa mbele yake tangu mwanzo na kusoma azimio la kukifunga kitengo ifikapo mwisho wa mwezi. Lilikuwa limeshapigwa chapa. Wanaounga mkono wakaombwa wanyooshe mikono, wakainyoosha, ile ile waliyonipigia makofi.

Mwenyekiti alinifuata kwenye korido. Nilikuwa nimesimama mbele ya lifti bila kubonyeza kitu.

"Mliamua lini?" nikamuuliza.

"Siku nyingi, sista."

"Basi mliniita wa nini?"

"Utaratibu. Lazima wafanyakazi wasikilizwe." Macho yake yalikuwa bado mekundu. "Na haki ya Mungu, nimekusikiliza."

Sina shaka alisema kweli. Hilo ndilo lililonimaliza. Laiti angekuwa mtu wa moyo mgumu, ningeteremka na chuki yangu, na chuki humshikilia mtu wima. Huyu nilikuwa nimemliza, akalia, akajifuta, akasoma. Kisha akaniambia, kwa upole, kwamba kuna jambo lingine. Ndugu wa wagonjwa wataitwa kuelezwa. Katibu ndiye aliyekuwa awasomee tangazo, lakini baada ya leo, naye alikuwa akifikiria kwa sauti tu, watu wale wananiamini, na kipaji kama changu si vizuri kikae bure.

Niliporudi wodini ilikuwa zamu ya Kipaza. Nguo yangu nzuri iliwafanya wote wageuze vichwa. Hawakuweza kuinuka, hivyo wakanisubiri nifike katikati. Kipaza alikuwa akipiga paja lake kwa mkono ulio huru, makofi ya mtu mwenye mkono mmoja.

"Walipiga?" akauliza.

"Walipiga."

"Halafu?"

"Halafu wakafunga."

Mkono wake ulibaki pale pajani. Hakuna aliyelia. Mashine moja ikapiga king'ora kwa sababu mrija ulikuwa umekunjika, nikaenda kuunyoosha, nikashukuru kuwa na kitu cha kunyoosha. Nyuma yangu nilimsikia Bibi wa dirishani akisema, si kwa hasira, kwamba sikio la kufa halisikii dawa, kisha akaomba asogezewe pazia.

Nilikuwa nimeazimia kuikataa kazi ile ya pili. Kipaza ndiye aliyeniomba niikubali. Alisema katibu atawasomea kama anayeuza mbuzi, na watu wakiambiwa jambo kama lile ni heri waambiwe na mtu. Nikamjibu kwamba siwezi kulisema vizuri.

"Utalisema vizuri," alisema. "Ndiyo bahati mbaya yako."

Akanifundisha tena. Safari hii hakukuwa na utani, na wengine hawakucheka wala kusinzia. Walisikiliza, kama watu wanaokata sanda zao wenyewe wakitaka ikatwe kwa kipimo. Nilikuwa nimeandika mwishoni kwamba hospitali itaendelea kutafuta njia nyingine. Akanisimamisha hapo, akaniuliza kama nimeiona njia hiyo kwa macho yangu. Nikasema sijaiona. Mshereheshaji anayetangaza chakula ambacho hakipo jikoni, alisema, ni mwongo mwenye sauti nzuri. Nikalifuta.

Ndugu walikusanywa kwenye ukumbi wa kusubiria, kwenye mabenchi ya chuma yaliyounganishwa. Kina mama, kina baba, mabinti waliotoroka kazini, wajukuu waliowasindikiza bibi zao. Nilisimama bila meza mbele yangu. Niliwaambia kitengo kinafungwa na siku gani. Niliwaambia hospitali iliyo karibu yenye mashine iko mji gani, basi huchukua muda gani, na ni dalili zipi zikionekana njiani wasisubiri kufika. Nilisema taratibu. Nilishusha sauti mpaka mabenchi ya nyuma yakanyamaza.

Huko nyuma mtu mmoja mrefu alisimama. Alikuwa fundi wa magari, mama yake alikuwa mgonjwa wetu, na mikono yake ilikuwa bado na grisi. Alikuwa amevuta pumzi ya kusema kitu kikubwa, na waliokuwa karibu naye wakaanza kunyanyuka pia, mmoja, wa pili. Nikamtafuta kwa macho. Nikazungumza naye yeye, polepole, nikimwita kaka, nikimwambia najua, mpaka pumzi ile ikamtoka bila neno. Akakaa. Wenzake wakakaa.

Baadaye walijipanga kunishukuru. Walinishika mkono mmoja mmoja. Binti mmoja alisema angalau sasa wanajua. Katibu alinikamata kiwiko akanong'ona kwa furaha kwamba hakukuwa na fujo hata chembe, kwamba walikuwa wameandaa mpaka walinzi wa ziada.

Wa mwisho alikuwa mke wa Kipaza. Alikuwa na blanketi la mumewe mkononi, limekunjwa vizuri.

"Umesema vizuri sana, sista," aliniambia. "Ungesema vibaya, labda tungepiga kelele."

Hakunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akaenda kumchukua mumewe.

Nimelitafuna neno lile miaka yote hii, na halimezeki. Sijui kama kelele zingesaidia. Pengine wangefukuzwa na wale walinzi, na kitengo kingefungwa siku ile ile. Pengine. Ninachojua ni kwamba yule fundi alikuwa amesimama, na aliyemkalisha ni mimi, kwa ufundi wote niliofundishwa na mtu aliyekuwa akihitaji kuliko wote mtu asimame.

Kitengo kilifungwa kama kilivyotangazwa. Mashine zilipakiwa, kuta zikapakwa rangi ya maziwa, na pale alipokaa Bibi pakawekwa meza ya mapokezi yenye maua ya plastiki. Bibi mwenyewe hakusafiri hata mara moja. Aliwaambia wanawe kwamba na nyumbani lipo dirisha. Uongozi ukaniita, ukanipa nafasi ya afisa uhusiano, na ofisi yenye zulia. Nikaomba chumba cha kufunga vidonda, ambacho hakuna aliyekuwa akikitaka. Kule watu huzungumza kidogo. Huuma meno, na mimi huangalia kidonda.

Kipaza alisafiri. Kwenda nusu siku, mashine, kulala kwenye benchi la stendi au kwa jamaa, kurudi nusu siku, kupumzika kidogo, kwenda tena. Kila mkesha wa safari mkewe alinipigia simu kuuliza mambo madogo: anywe maji kiasi gani njiani, miguu ikiwa hivi ni kawaida, wampe chumvi au wasimpe. Mwanzoni Kipaza alimpokonya simu ili anisimulie abiria wenzake. Kulikuwa na mmoja aliyesafiri na jogoo, alisema, na jogoo ndiye aliyekuwa na adabu. Baadaye akawa anatuma salamu tu. Baadaye tena nilikuwa namsikia pumzi karibu na simu, akiitafuta, na mkewe akizungumza juu yake kwa haraka ili nisiisikie.

Siku moja simu ilikuja asubuhi. Nilikuwa na mgonjwa kitini, nikavua glavu, nikatoka nayo mlangoni.

"Sista," mkewe akasema, "kesho hatusafiri."

Nikamwambia nimesikia. Safari hii hakukuwa na pumzi nyingine karibu na simu. Mmoja wetu akakata, na sikumbuki kama ni mimi.

Nikarudi ndani nikavaa glavu nyingine. Mzee aliyekuwa kitini, mwenye kidonda kwenye kifundo, aliniuliza kama ilikuwa habari njema. Nikamwambia anyooshe mguu.